Kipimo cha Kichwa cha Marehemu Adelard, Fundi wa Kofia za Pama

Padre, wafiwa, majirani wa Goba na ndugu mliotoka mbali, mimi Petro, mtoto wa mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea haya, na kwa kuwa marehemu hakupenda mambo ya kukadiria, nimejitahidi kila tarehe iwe sahihi.

Baba yetu Adelard Rwegasira alizaliwa tarehe 3 Septemba 1952, Kashozi, Bukoba, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1961 hadi 1967, kisha mwaka 1973 akaja Dar es Salaam na kuajiriwa katika kiwanda cha nguo, ambako mzee mmoja wa stoo alimfundisha kutengeneza kofia za pama za sufu. Mwaka 1989 alifungua kibanda chake Temeke, na mwaka 2006 akakihamishia hapa Goba.

Tarehe 27 Desemba 1980 alifunga ndoa na Mama Benedicta kanisani Chang'ombe, wakajaliwa watoto wawili, Rogers na Anjelina.

Wengi mliopo mlimletea kofia zenu, naye aliwagombeza kwa kuzishika kwa vidole kwenye mbonyeo wa juu, akawafundisha kuzipiga brashi upande mmoja na kuzilaza kichwa chini ili ukingo usipinde. Kofia ya mtu aliyefariki, ikiletwa kwa ajili ya mrithi, aliipitisha kwenye mvuke wa birika mara tatu, akaiacha siku tatu bila kuguswa, ndipo akaivisha kichwa cha mti chenye kipimo cha mrithi, kwani alisema sufu hushika kichwa cha mwenyewe, na lazima ipewe muda wa kukiachia.

Ijumaa, tarehe 19 Mei 2023, ililetwa kofia ya hayati Mzee Brightson wa Segerea, kipimo sentimita hamsini na tisa, ikitakiwa kesho yake kwenye arobaini. Mrithi alikuwa bado njiani kutoka Moshi, akataja kipimo chake kwa simu, hamsini na saba, sawa na cha baba, na baba, kwa haraka, akaipitisha kwenye mvuke mara moja tu, akaivaa yeye mwenyewe ingali na joto, hadi ikamkaukia kichwani.

Jumapili iliyofuata kofia yake ya kanisani iligoma kuingia.

"Mama Rogers, hii imesinyaa?"

"Punguza ugali, mzee, umenenepa hadi kichwani."

Tulicheka wote, ila alipochukua futi na kujipima hakucheka tena, kwa kuwa ilisoma hamsini na tisa.

Tangu hapo alianza kuuliza nani amewapa ng'ombe maji, na hapa hatujawahi kufuga ng'ombe, na Januari 2024 alimwita mama kwa jina la Eliaichi, ambalo ni jina la mjane wa Mzee Brightson, mtu ambaye hakuwahi kuonana naye. Mama aliitika, "Abee." Baba aliogopa jambo moja tu, kuzikwa akiwa mtu mwingine, akatuagiza kwamba akifa tumvishe kofia yake mwenyewe, na isipoingia tusimfiche mwenye haki.

Aliugua shinikizo la damu, akapooza upande wa kushoto Novemba 2024, na akafariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Leo, kabla ya jeneza kufungwa, Rogers alimvisha ile kofia mbele ya mama na mbele yangu. Haikuingia. Ndiyo sababu Mama Eliaichi, aliyefika kutoka Segerea, amekaa mkeka mmoja na Mama Benedicta, na watatupa udongo kaburini pamoja, na familia inaomba asiulizwe chochote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha nasi, na mafundi wenzake mliofunga vibanda vyenu ili kuwa hapa.

Pumzikeni kwa amani, baba, wewe na uliye naye.