Roselyne Bochaberi, Aliyempitisha Baba Mkwe Dirishani

Roselyne Bochaberi Onyancha alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 huko Kiogoro, msichana wa kwanza katika boma la wakulima wa ndizi. Alisoma karibu na kwao na kumaliza kidato cha nne mwaka 1989. Ripoti zake zote zilisema ana bidii ila ana haraka, na haraka hiyo alihama nayo alipoolewa.

Tarehe 16 Desemba 1990 alifunga ndoa na Bwana Onyancha, karani wa kituo cha kununulia majani chai karibu na Kebirigo, Nyamira. Mungu akawajalia watoto wanne.

Kuhusu kazi, kamati ya mazishi ilitaka paandikwe "hakuwa na kazi" ili programu ienee kwenye ukurasa mmoja. Persis, kifungua mimba wake na mwandishi wa maneno haya, alikataa katakata. Marehemu alikuwa mama wa nyumbani. Alikamua, akachuma chai, akapika, akatafuta kiatu cha kushoto cha kila mtu. Akitaka kupumua dakika mbili alijifungia chooni, na huko nako madaftari yalipenyezwa chini ya mlango ayatie sahihi. Nyabuto, mwanawe wa tatu, alipoulizwa shuleni mama yake hufanya kazi gani, aliandika: "Mama hukaa." Marehemu alicheka hadi akashika ukuta, kisha akamwachia vyombo vyote vya jioni hiyo.

Ijumaa ya tarehe 9 Aprili 1999, hata hivyo, hakukuwa na la kucheka. Saa kumi alasiri alikuwa akikimbizana na jua ili Sabato isimkute na kazi mkononi. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Maharagwe yalikuwa kwenye jiko sebuleni, na sweta za shule zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba juu yake zikauke upesi. Alitoka kidogo tu kumwaga maji. Nyabuto, aliyekuwa na miaka miwili, akasukuma komeo la mlango kama alivyomwona dada yake akifanya. Ndani, sweta moja ikaangukia makaa.

Moshi ulianza kutokea chini ya mabati. Marehemu aligonga mlango, akaupiga teke, akamsihi mtoto avute komeo, lakini alichosikia ni kikohozi. Madirisha yote yalikuwa na vyuma isipokuwa lile dogo la stoo. Alijaribu kupita, tumbo likamkatalia. Bwana Onyancha alikuwa kituoni, mbali. Mtu mzima wa pekee aliyesikia kelele ni baba mkwe, Mzee Jethro, aliyewaacha ng'ombe wake akaja mbio, kisha akasimama hatua kumi kutoka nyumbani.

Hapa kila mmoja wenu anajua kwa nini alisimama. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Hiyo ndiyo chinsoni, miiko ya heshima baina ya wakwe, na Mzee Jethro hakuwahi kuichezea.

"Roselyne, mimi siwezi kuingia humo," alisema.

"Tata, wewe ni mwembamba na mtoto anakohoa," marehemu akamjibu. "Toa koti."

Mzee alitoa koti. Aliingiza kichwa na mabega, akakwama kwenye mshipi. Kikohozi kilikuwa kimenyamaza, na marehemu alisema baadaye kwamba hakuna kitu kilichowahi kumtisha kama ule ukimya. Basi akamshika baba mkwe pasiposhikwa, akamsukuma kwa nguvu zote. Mzee akatumbukia ndani ya debe la unga wa wimbi. Mlango ulipofunguka, alitoka amejaa unga hadi kwenye nyusi, Nyabuto kwapani. Mtoto alikaa kimya, kisha akavuta pumzi, akalia, akaomba uji.

Kwa siku mbili marehemu hakula. Aliamini atarudishwa Kiogoro kwa kumvunjia mkwe heshima, na Jumapili wazee wa ukoo walipokutana, ndiye aliyewapikia. Mmoja wao akamuuliza Mzee Jethro kama ni kweli aliingia nyumba ya mke wa mwanawe.

"Sikuingia," Mzee alijibu. "Nilianguka ndani."

Wazee wakatazamana. Walichinja mbuzi kama desturi inavyotaka, wakala, na neno hilo halikutajwa tena.

Mwezi Juni 2025 marehemu alipatwa na kiharusi. Hata akiwa kitandani aliuliza ni nani amechukua kifuniko cha sufuria. Mzee Jethro, mwenye miaka themanini na saba, alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye benchi nje, akiuliza mkaza mwanawe amelalaje. Marehemu aliaga dunia nyumbani Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi. Nyabuto ndiye aliyetoka kumwambia babu yake, nao wakalia pamoja pale kwenye benchi.

Ameacha mumewe, Bwana Onyancha, watoto wake Persis, Jacinta, Nyabuto na Gladys, wajukuu watano, na baba mkwe wake, Mzee Jethro, ambaye amemlilia kama binti wa kuzaa.

Mungu ampe mapumziko ambayo sisi hatukumpa.