Risala ya Kikundi cha Taiko Menengai, Ambacho Hakimo Kwenye Ratiba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa; mwenyekiti na wanakamati wa Tamasha la Tamaduni na Amani, Nakuru, 2008; wazazi wetu na wenzetu wa vikundi vyote:

KARIBU

Tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tungependa kukukaribisha kwa ngoma, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yetu, lakini kamati imeturuhusu kusoma tu. Mimi ninayesoma naitwa Cheruto. Maneno ni ya kikundi chote, na wenzangu wameketi kule nyuma ya hema la chakula. Sauti yangu ikipungua, tafadhali mnivumilie.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianzishwa na Mwalimu Haruka, Mjapani aliyekuja kufundisha muziki kwa kujitolea katika shule moja hapa mjini. Alitufundisha taiko, yaani zile ngoma kubwa za kwao zinazopigwa kwa mwili mzima, pamoja na dansi yao ya mduara. Sisi tukaongeza vya kwetu: nyimbo za Kikalenjin, hatua za mwomboko wa Wakikuyu, na dhol, ngoma ya Kipunjabi ambayo mwenzetu Tejinder huivaa shingoni. Tuliogopa kwamba Mwalimu atakasirika. Alicheka, akasema, "Sasa hii hata mimi lazima nifundishwe." Muda wake ulikwisha mapema mwaka jana, akarudi kwao na kutuachia kazi.

Ngoma yetu kubwa ilitengenezwa na Kipkoech, ambaye hufanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao kule Elburgon. Mbao ni masalio ya kiwandani, ngozi ni ya ng'ombe wa Rongai. Ina nyuso mbili na hupigwa na watu wawili wanaotazamana. Upande mmoja ni Kipkoech, upande wa pili ni Rahab.

TULIYOFANIKIWA

Mafanikio yetu makubwa ni kwamba bado tuko.

Mwezi wa Januari, baada ya uchaguzi, nyumba ya kina Rahab kule Kuresoi ilichomwa, wakakimbilia hapa mjini. Rahab ni Mkikuyu, Kipkoech ni Mkalenjin. Hatutaeleza zaidi, kila aliye hapa anajua miezi ile ilikuwaje. Kipkoech aliificha ngoma chini ya vumbi la mbao, na barabara zilipotulia akaileta kwa lori. Siku ya mazoezi Rahab alikuja, akasimama upande wake, na hakuna aliyemsalimia mwenzake. Sisi wengine tulitazama viatu vyetu. Mwishowe Rahab akasema, "Piga basi, ama ulikuja kuuza mbao?"

Akapiga. Tangu siku hiyo hakuna kati yao aliyekosa mazoezi.

YANAYOTUCHOSHA

Tulishauriwa tuandike "changamoto" na tusiudhi mtu. Tumejaribu.

Kila tunapoitwa mahali, swali la kwanza ni, "Mjapani wenu yuko wapi?" Hatuna. Kwaya zetu huimba nyimbo zilizoletwa na Wazungu, na hatujasikia mtu akiuliza Mzungu wao yuko wapi.

Mwaka jana kamati ililitatua jambo hilo kwa njia yake. Ilimvika mwenzetu Bhumi kitambaa cha pazia, ikamtangaza kuwa mgeni kutoka Tokyo. Bhumi ni Mhindi aliyezaliwa hapa Nakuru, na baba yake anauza vipuri vya magari. Mgeni rasmi wa mwaka huo alimwinamia, akamuuliza kwa sauti ya juu, neno moja moja, anaionaje Kenya. Bhumi akajibu, "Ni poa tu, mzee, ila huku kwetu Section 58 stima inapotea sana."

Uwanja ulicheka. Kamati haikucheka, na mpaka leo inasema tuliiaibisha. Mheshimiwa, pazia halikuwa letu.

Mwaka huu tulikwenda kujiandikisha mapema. Kwenye meza ya jamii za Kenya tuliambiwa mchezo wetu ni wa kigeni. Kwenye meza ya wageni tuliambiwa sisi ni wa hapa hapa. Meza zenyewe zinagusana, na bado tulizungushwa kati yake asubuhi nzima. Halafu katibu akakumbuka lile pazia.

"Sivai tena," Bhumi akamwambia. "Ukitaka Mjapani, vaa wewe."

Katibu akatafuta njia nyingine. "Hili ni tamasha la amani," akasema, "kwa hivyo kila mtu aende na jamii yake. Kipkoech na Cheruto kwa Wakalenjin, Rahab kwa Wakikuyu, Tejinder na huyu mwenye mdomo kwa Wahindi."

"Na ngoma je?" Kipkoech akauliza.

"Ngoma mtagawana."

Tulingoja acheke, tujue ni mzaha. Hakucheka. Tulipokataa, jina letu likakatwa kwenye ratiba, tukapewa nafasi ya risala ili tusiende tukinung'unika.

Mheshimiwa, tumechoka. Rahab na Kipkoech walirudi kusimama pamoja bila kusukumwa na kamati yoyote. Sasa ni tamasha la amani linalowaambia waachane.

OMBI

Hatuombi sare, wala basi, wala ukumbi. Tunaomba tucheze leo, wote pamoja, wewe ukiwa bado umeketi hapo. Ratiba inasema baada ya risala utahutubia, kisha chakula, kisha msafara wako uondoke. Wanaocheza baada ya msafara kuondoka huchezea viti vitupu. Ngoma iko kwenye mkokoteni nje ya lango, kwa sababu askari waliagizwa isiingie. Neno lako moja litaiingiza.

Ukiona haifai, tutakubali. Lakini tunakuomba kwanza utuite hapa mbele, ututazame tulivyosimama, kisha utukatalie sote kwa pamoja. Usitukatalie kabila moja moja.

Mungu akurudishe nyumbani salama, wewe na dereva wako, na awajalie amani wote waliokuja leo, wanakamati wetu wakiwemo.

Ni sisi, wapigaji na wachezaji,
Kikundi cha Taiko Menengai, Nakuru.