Bia ya Watawa Yaenda Posa Siakago

Wawira, mwalimu aliyetoka chuoni majuzi, aliamini kwamba watu wakinywea kikombe kimoja hawashindwi kuelewana. Kwa hiyo ndani ya basi la kwenda Siakago, mji wa Wambeere, aliwategea sikio wazee wawili waliokaa mbele yake, kwa moyo mweupe.

Mzee M'Ikiara wa Meru alikuwa anakwenda kumposea mpwa wake. Badala ya pombe ya asali, ambayo desturi ilitaka, alibeba chupa kubwa ya bia kali ya Ubelgiji aliyopewa na padri. "Lakini pombe ya posa haipelekwi bila kuonjwa," alimwambia jirani yake, mzee wa Kimbeere mwenye koti la kaki. Akang'oa kizibo, akammiminia kwenye kifuniko cha themosi.

Jirani akanywa, akafumba macho. "Nakupa tatu kwa kumi. Inanukia ndizi zilizoiva kupita kiasi."

"Tatu? Mzee, hii imepikwa na watawa!"

"Ndiyo maana. Mtu asiyeoa atajulia wapi pombe ya posa? Ongeza, nisije nikaionea."

Akaongezewa. "Nne. Karafuu nazisikia, asali siioni. Ongeza tena."

Wawira alitamani kusema, "Wazee, mhurumieni bwana harusi," lakini adabu ilimfunga mdomo. Alama zilipofika nane, M'Ikiara alishangilia kama mwanafunzi aliyefaulu. Chupa ilikuwa imekauka.

Basi likasimama Siakago. Mzee wa koti la kaki akashuka na M'Ikiara, akamshika mkono. "Twende, mkwe. Mimi ndiye mwonjaji wa upande wa binti. Hiyo ilikuwa ya njiani. Sasa nitolee ya posa."