Kikombe cha Saa Nne

Kwenye basi la jiji moja la Kichina, kutoka bandari ya Huangpu kwenda Xiaobei, mtaa wanakokaa Waafrika wengi, Mzee Ghalib, fundi mstaafu wa kiwanda cha nguo Dar es Salaam aliyekuja kumtembelea mwanawe, alikaa nyuma ya Watanzania wawili waliokuwa wakibishana. Mmoja wao, Swalha, alikuwa ametoka kupakia melini cherehani arobaini za kiwanda chake kipya cha nyumbani, na alikuwa hajaamua kama chumba cha uani cha kiwanda hicho kiwe stoo au cha watoto wachanga wa mafundi wake.

"Dada, hicho chumba cha watoto kisiitwe huruma," alisema mwenzake Ernest, mwanafunzi wa historia ambaye hakuwahi kuajiri hata mpishi. "Wenye viwanda wa mwanzo walijenga nyumba, zahanati na madarasa ili mfanyakazi asihame na asigome."

"Na mimi sitaki wahame. Mtoto akinyonya, ubaya uko wapi, profesa?"

"Ushakuwa bosi."

Mzee Ghalib alikumbuka kikombe cha maziwa walichopewa kila saa nne kwa sababu ya vumbi la pamba, na jinsi walivyokunywa wamesimama, wakitaniana masharubu meupe. Alikumbuka pia darasa la jioni la kiwandani. Miaka yote aliamini walipendwa.

"Wanangu," alisema, "mimi nilijifunza kuandika kwenye darasa la bosi. Tulipogoma, tangazo la mgomo niliandika mimi, na halikuwa na kosa hata moja."

Ernest alicheka. Swalha hakucheka. Basi liliposimama Xiaobei, bado alikuwa akimtazama mzee.