Donge Jeupe Kwenye Kioo

Wapendwa, mchungaji ameniomba niseme kwa upole. Nimemjibu kwamba nitajaribu, sikuahidi.

Mnayakumbuka yale mafua makali yaliyopanda huku Nkoaranga wakati wa masika, tukawa tunakohoa nyumba hadi nyumba. Mume wangu nilikuwa nimeshamzika mwaka uliotangulia. Mimi yalinishika vibaya, homa na kifua kubana, nikitoka mtoni napumzika mara sita kabla ya kufika. Wenzangu wakapona, kwangu kikohozi kikaganda. Ndipo shemeji yangu, simtaji jina, na nyinyi msigeuke kumtazama, akatangaza kuwa nina kifua kikuu. Akanihamishia kwenye kibanda cha majani mwisho wa migomba, chakula akawa ananisukumia kwa fimbo. Binti yangu wa miaka minne akamchukua kwake, akamfundisha kwamba pumzi ya mama inaua.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikuomba nipone. Niliomba yeye augue.

Dada mmoja wa usharika huu akanijia kibandani bila woga. Akasema bomani Arusha kuna daktari wa Kijerumani mwenye mashine ya kupiga picha ndani ya kifua. Tukashuka kwa miguu kutwa nzima. Askari wawili wakazungusha gurudumu la kuipa mashine nguvu, nikaambiwa nizuie pumzi, nami nikakohoa, ikabidi tuanze upya. Baadaye daktari akakiinua kioo cha picha dirishani na karani akanitafsiria. Kifua kikuu hupenda kukaa juu kwenye mapafu, na kwangu juu palikuwa safi. Ukungu ulikuwa umetanda chini, pande zote mbili, jinsi mafua makali yanavyoacha. Lakini daktari hakutaka kuapa kwa picha moja. Alitaka nirudi baada ya miezi miwili.

Kosa langu lilikuwa haraka. Nilikiomba kile kioo, nikakipeleka moja kwa moja mbele ya wazee. Shemeji akakiinua juani. Watu walipoona mbavu za mtu aliye hai walirudi nyuma. Yeye akaweka kidole katikati, penye donge jeupe, akasema, "Ugonjwa wenyewe huu hapa."

Nikarudi kibandani.

Miezi miwili ile nilishiba hasira kuliko ndizi. Nikashuka tena, na picha ya pili haikuwa na ukungu hata kidogo. Nikauliza, na lile donge je? Karani akacheka, akasema ni moyo, kila mtu anao. Jamani! Nikamwomba daktari ampige picha na shemeji yangu, akakubali. Wazee wakamwambia shemeji, kama huna kitu unaogopa nini? Akaenda akinuna njia nzima.

Vioo viwili vikainuliwa sambamba mbele ya wazee. Donge lake lilikuwa kubwa kuliko langu. Mzee mmoja akamwuliza taratibu, "Na wewe tukujengee kibanda?" Walicheka wote. Mimi nilicheka mpaka kikohozi kikanirudia, na sijutii.

Siku hiyo hiyo nilirudishiwa mtoto. Nilipomfungulia mikono alijiziba pua na mdomo kwa viganja, akarudi nyuma. Mpaka leo analala ameelekea ukutani.

Baadaye shemeji akamtuma bibi mmoja aniletee jani la sale, lile tunaloombea msamaha, na ukiletewa hukatai. Nimeliacha pale mlangoni kwangu, sijaligusa. Desturi naijua, na sala ya Bwana naijua, msinikumbushe.

Namshukuru dada aliyeshuka nami, karani, daktari, na yule mzee kwa swali lake. Funzo langu ni hili: kifua cha mwenzio usikisome kwa chuki, na usimhukumu mtu kwa picha moja.

Na wewe uliyekaa hapo nyuma, nakuambia mbele ya hawa wote. Jani lako sijalikataa. Njoo nyumbani mchana, mpakate mwanangu, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba ulimdanganya. Siku atakayolala kifuani pangu bila kujiziba, nitainama niliokote.