Maua Katikati ya Uwanja

Sogeeni karibu, Eirik na Synnøve, wanangu, sauti yangu haifiki mbali leo, na haya sitaki mama yenu ayasikie huko jikoni.

Eirik, wewe ndiye mkubwa, shamba ni lako, na ng'ombe na mashua. Synnøve, msitu wa juu ni wako, usimwachie kaka yako hata mti mmoja. Hayo yamekwisha. Sasa uwanja.

Sisi uwanja wa kati ya nyumba tunauita tun, ng'ombe hupita, majirani hupita, hapapandwi kitu. Basi akaja yule Mholanzi, Joost, kukusanya maneno ya wazee, akakaa jikoni kwangu kiangazi kizima akinywa kahawa yangu, akimweleza mama yenu kwamba neno hilo ni la kale sana, mwanzo lilikuwa uzio, na kwa Wajerumani hadi leo ni uzio, kwa Waingereza limekua likawa mji mzima, "lakini kwetu, Gunnvor, ni bustani." Gunnvor! Mimi nilimaliza mwaka kabla ya kuthubutu kumwita kwa jina.

Mama yenu akacheka. Nami nimemchekesha maisha yangu yote, lakini si vile. Mgeni alipoondoka tu, akapanda maua katikati ya uwanja. Nikamwambia, "We mwanamke, ng'ombe wapite wapi?" Akanijibu, "Si wazunguke, Sjur, wana miguu minne!" Wanazunguka mpaka leo, nami nazunguka nao, na kila yakichanua wivu unaanza upya.

Nilitaka niwaamuru myang'oe siku ya maziko yangu. Nimeghairi. Mkiyang'oa mama yenu atalia, mimi sipo, na atakayekuja kumbembeleza namjua. Yaacheni. Yamwagilieni nyinyi wenyewe, asipate sababu ya kumwandikia mtu kuomba ushauri.

Na ile desturi ya mrithi kuwahamishia wazazi kwenye kijumba cha pembeni akishashika shamba, Eirik, mama yako usimfanyie. Abaki humu humu. Mholanzi akija kutoa pole, mpeni kahawa, mpeni na jibini, msinitie aibu. Ila mketisheni karibu na mlango.

Maji, binti yangu... Basi, yatosha. Mungu awalinde, wanangu, awape nyumba zenye vicheko, mpendane... Sasa mwiteni mama yenu. Na huu upande wa kitanda, wa ukutani... ni wangu. Hata nikiwa udongoni... asimpe mtu.