Kle Yenye Shindano na Jina ya Jirani Yangu

Wapendwa, amani iwe kwenu. Muzee wa kanisa aliniomba nisimame niseme namna Mungu alinitoa kwenye matatizo ya pikipiki, na naona wengine mumeshaanza kucheka. Mucheke tu. Mimi leo sikuja kuchekesha muntu. Niko na hasira, na nitaieleza yote mbele yenu, juu nusu yake ni hasira ya mimi mwenyewe.

Munanijua. Mimi ni muntu wa ngombe, kule juu ya Kingi. Zamani tulibeba maziwa kwa kichwa mpaka hapa Masisi, na mara nyingi yalifika yameharibika. Kiisha muzungu mumoja wa shamba ya piretre, yale maua ya dawa ya wadudu, alirudi kwao, akaniachia pikipiki yake ya zamani kwa ngombe wawili. Nikaanza kubeba maziwa ya nyumba sita, napeleka kwenye maternité ya hopitali, pale wamama wanazalia. Wakati wa mvua ile pikipiki haikuweza kupanda mpaka kwangu. Basi jirani yangu wa chini, mulimaji, akanipa nafasi ndani ya chumba yake ya maharagi. Hakuniomba kitu. Tulikuwa tunakaa benchi moja humu kanisani.

Sasa musikie ujinga wangu. Kichwa ya motere, ile injini ya pikipiki, inafungwa na buloni ine, zile chuma za meno zenye kuzungushwa. Ya kwangu ilianza kutoa moshi pembeni, nami nikaikaza. Nani alinifundisha kukaza? Hakuna. Kwetu unafundishwa kufunga ngombe: unavuta kamba mpaka mukono inauma, kiisha unavuta tena mara moja, juu ngombe ikijifungua ni kosa yako. Njo vile nilikaza buloni. Nilipoona kle, ile spana ya kukazia, iko fupi, niliingiza tiyo, bomba ya chuma, kwenye mukono yake ili nipate nguvu zaidi. Buloni ikalia, nikafurahi. Nilizani chuma ikilia imekubali.

Ndugu zangu, nawaambia, haikuwa inakubali. Ilikuwa inakatika meno. Ile chuma ya motere iko laini, ni ndugu ya sufuria. Buloni yenye kukatika meno inashika siku kidogo, kiisha mawe ya njia yanaitikisa mpaka inaanguka. Asubuhi nikifika kwa jirani, nakuta nafasi moja iko wazi, buloni hakuna. Natia ingine mupya, haipiti wiki mbili, hakuna tena. Badala ya kuuliza mikono yangu, niliuliza nani anaishi karibu na pikipiki.

Siku moja ya Mungu, hapo nje ya mulango, watu wakitoka kusali, nilimuita jirani yangu mwizi. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba anatoa buloni zangu anaziuzisha Rubaya, kwenye machimbo. Bibi yake, mama ya watoto wake, alikuwa anasikia. Jirani hakupigana. Alisema tu:

"Papa, buloni yako sijagusa. Leo utoe pikipiki yako, chumba yangu iko ya maharagi."

Munajua desturi yetu. Jamaa wakija kuomba binti, hawafikii kwa baba yake. Wanalala kwanza kwa majirani, wanauliza ile nyumba ni ya watu gani. Wakati ule watu wa Pinga walikuwa wamemupenda binti ya jirani yangu, na binti mwenyewe alikuwa amemupenda kijana wao. Walikuja, wakalala humu kati yenu, wakauliza. Munajua wenyewe waliambiwa nini: nyumba ya mwizi. Asubuhi walirudi kwao bila hata kufika kwa baba. Ile neno ilitoka mu kinywa yangu, na ninyi muliibeba. Ndiyo, nasema ninyi. Hakuna hata mumoja aliyeniuliza nilimuona na macho gani.

Nikapeleka pikipiki kwangu, tukaisukuma ndani ya matope watu wane. Kila jioni, nikitoka kupeleka maziwa, niliifungia ndani ya nyumba, na bibi yangu akavaa ufunguo wa mulango kwa shingo. Siku ya nane buloni ikaanguka. Nilisimama pale nikiangalia ile tundu. Bibi yangu alikuja nyuma yangu, akaangalia naye, kiisha akaniuliza pole pole: "Sasa mwizi ni mimi?"

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, nikapiga ile tiyo kwenye jiwe mpaka ikapindika. Njo siku ile nilianza kupona, lakini nilikuwa bado sijui.

Nilienda kwa fundi wa plantation, ile shamba kubwa, mwenye aliniuzisha buloni zote zile. Nikamukuta anafunga motere na kle moja sijapata kuona. Iko na shindano ndefu, kama ile ya kushonea nguo, inayotembea juu ya namba, na yeye anakaza na mukono moja, pole pole, shindano ikifika pahali anaacha. Pembeni yake kitabu. Nilipoinama kusoma, akaweka mukono juu. Akasema muntu wa ngombe hana kazi na namba, alete pikipiki na pesa. Wapendwa, yule muntu nilikuwa nafika kwake na ile tiyo imefungwa nyuma ya pikipiki. Aliiona miaka miwili. Alijua kabisa, akaniuzisha buloni na akanyamaza. Mumuombee, juu mimi bado siwezi.

Lakini macho yangu yalikuwa yamepita mbele ya mukono yake. Niliona mbili, na alama ya metre na kilo. Sikuelewa. Nilishuka kwa jirani yangu kuomba musamaha, nikamuambia na ile namba, juu sikuwa na muntu mwingine wa kuambia. Aliniacha nasimama ndani ya mvua mpaka akamaliza kupukuchua maharagi yake. Kiisha akasema niingie.

Yeye anauzisha piretre, anajua mizani yenye mukono murefu, ile wanunuzi wanamuibia nayo. Akachukua fimbo, akanionyesha: kilo mbili kwenye ncha ya fimbo ya metre moja, njo nguvu buloni inaomba. Fimbo ikiwa nusu metre, unatia kilo ine. Hakuna zaidi. "Na wewe ulikuwa unaninginia na mwili muzima," akaniambia. Nilitaka udongo inimeze.

Tuliomba karatasi ya kusafiri, tukapanda kamio, lori ya mizigo, mpaka Goma, sisi wawili. Tulibeba bidoni ya maziwa tuliyopima kwenye mizani ya watoto ya maternité: kilo ine kamili. Mwenye duka alituonyesha kwanza kle yenye saa ya kioo, ya bei sana, akasema hii njo ya kweli. Jirani yangu akaomba ifungwe kwenye etau, ile chuma ya meza yenye kubana, akatundika bidoni kwenye mukono ya kle, nusu metre. Ile saa ikaonyesha tatu. Ilikuwa imeangushwa, ao sijui. Ya pili ilikuwa ya makamio, namba zake zinaanzia tano. Mbili hata haipo. Ya tatu ilikuwa chini ya meza na vumbi, kle ya shindano tupu bila kioo, ya bei ndogo. Tukatundika bidoni. Shindano ikasimama juu ya mbili. Tukatoa bidoni, ikarudi kwenye sifuri. Mwenye duka alikasirika, na mimi nikafurahi kwamba leo ni mwingine anakasirika.

Tuliporudi nayo, nilitia buloni mupya, ndefu kidogo, zishike meno ya chini yenye hayajakatika, nikazikaza zote ine kwa musalaba, moja kiisha ile ya ngambo yake, kidogo kidogo. Shindano ikafika mbili, na mukono yangu ilikuwa bado inataka kuvuta. Jirani yangu akasema, "Acha." Nikaacha. Haikuwa nguvu hata ya kukamua ngombe. Kwa kitu kidogo vile nilivunja nyumba ya muntu. Tangu siku ile buloni haijaanguka, na maziwa yanafika asubuhi.

Aksanti kwa bibi yangu, juu ya swali yake. Aksanti kwa wamama wa maternité na mizani yao. Na kwako, kaka, unakaa pale benchi ya nyuma na sitaji jina yako, aksanti. Ulinisamehe ndani ya nyumba yako, lakini mimi nilikutukana mbele ya watu, basi ni mbele ya watu nasema: hukuiba. Nilisema uongo.

Kama kuna fundisho, njo hii: kabla hujakaza ao hujasema, pima.

Sasa naomba kitu moja. Kesho wageni wengine wanashuka kutoka Pinga kwa ajili ya ule binti. Watalala kwenu, watauliza ile nyumba ni ya watu gani. Muwajibu ukweli. Na kama muntu atanyamaza, muwalete wageni kwangu, nitawajibu mimi.